Ukuta Uliohama

Harufu ya nguruwe hunikumbusha sala. Najua inavyosikika. Mimi ni Myahudi, mjukuu wa Myahudi aliyekuwa akivua kofia yake wakati wa kuoga tu, lakini ndivyo ilivyo na sitaomba radhi. Mwisho wa kiangazi tulimpeleka binti yetu Tirza kwenye maonyesho ya kilimo hapa Saint Paul, Amerika. Tulipoingia banda la nguruwe baba yake akaziba pua, Tirza akacheka, na mimi nikajikuta nimesimama wima, nayumba mbele na nyuma kama Guka, babu yangu, midomo tayari imeshaanza "Sikia, Ee Israeli". Mzungu mmoja mwenye mtoto begani akanipisha kwa heshima. Sijui alidhani naugua nini.

Ningecheka yakaishia hapo, kama si Jumapili iliyofuata.

Jumapili asubuhi Tirza huenda darasa la watoto katika sinagogi letu, upande wa Minneapolis. Mwalimu wao alikuwa amewaambia kila mtoto atengeneze mfano wa mahali wazee wake walipokuwa wakiomba. Alipofika kwa Tirza akafurahi sana. Akawaambia watoto kwamba yeye anaifahamu hadithi ya kwao Tirza, aliisikia kwa mgeni mmoja aliyewahi kufika Kenya: kuna Wayahudi wa kijijini, milimani, waliojenga sinagogi lao wakaomba miaka mingi wakielekea upande usio sahihi, mpaka huyo mgeni alipowafikia na dira akawaonyesha Yerusalemu iko wapi. Watoto wakacheka. Tirza akacheka nao.

Aliniambia haya ndani ya gari, tukirudi nyumbani Maplewood. Mimi humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza, na ndivyo alivyoniuliza, miguu ikining'inia kwenye kiti cha nyuma: "Mama, kwani hamkujua? Hata mtu mmoja hakujua?"

Nilishika usukani kwa mikono miwili. Yule mwalimu ni mtu mwema, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mtu mbaya ningejua la kumfanya. Lakini huyu, kwa wema wake wote, alikuwa amemfundisha mtoto wangu kuwacheka watu waliomzaa, tena kwa nusu ya hadithi. Maana yule mgeni aliondoka kabla ya mwisho. Mimi nilikuwepo mwisho. Nilibeba jiwe.

"Jumapili ijayo utawamalizia wewe," nikamwambia Tirza. "Lakini kwanza utaisikia yote."

Basi hii ndiyo niliyomsimulia, na ninyi wa rika langu mliokula viazi baridi kila Jumamosi, siku isiyowashwa moto, mnirekebishe kama nimeongeza chumvi.

Kwetu ni upande wa Nyandarua, mahali pa viazi, karoti na baridi. Asubuhi majani huwa meupe kwa barafu, na ukiyakanyaga bila viatu unalia. Guka na wenzake wachache walikuwa wametoka kanisani kwa ugomvi. Walisoma kwenye Biblia kwamba Sabato ni siku ya saba, wakamuuliza mchungaji, mchungaji akawaambia waache kuuliza. Hiyo haikuwa lugha ya kumwambia Guka. Wakatoka. Wakaanza kushika siku, kisha vyakula, kisha wakatahiri watoto wao siku ya nane, na wakagundua kwamba kila walichokuwa wakikishika kilikuwa na wenyewe tayari, nao wanaitwa Wayahudi. Majirani walituita watu wa kofia. Shuleni niliitwa Mama Musa.

Aliyetupa kitabu ni daktari wa mifugo, Mzungu aliyekuja kutibu ng'ombe kabla mama yangu hajazaliwa. Alipoona wanaume wa kofia wakikataa kumlipa pesa ya dawa siku ya Jumamosi, alikaa chini kwenye nyasi akacheka hadi akatoa machozi, kisha akasema hata yeye ni mmoja wetu, ila hajaomba tangu alipokuwa kijana. Aliporudi tena alituletea kitabu chake cha sala. Kitabu kilisema, ukisimama kuomba, elekea mashariki. Ndiyo hiyo tu. Mashariki.

Na mashariki kwetu hakukuwa na haja ya kutafutwa. Milima ilikuwa pale, ya buluu, jua likitokea mgongoni mwake. Kwa hiyo walipojenga sinagogi, kuta tatu walizipiga kwa mabanzi ya mbao, yale ya nje yenye magome yanayotupwa kiwandani, na juu wakaweka mabati. Ukuta wa nne, wa mashariki, waliujenga kwa mawe. Ninaposema "waliujenga" msidanganyike. Wanaume walichora chini kwa kijiti. Mawe yalibebwa na wanawake, kutoka machimboni hadi pale, kwa kamba ya kichwani, na Cucu, nyanya yangu, alikuwa na mimba ya mama yangu. Alama ya ile kamba ilibaki kwenye paji la uso wake kama mtu aliyevaa kofia ya kubana. Aliyapanga kwa udongo, si saruji. Saruji ilikuwa ya watu wengine.

Sasa upande wa kaskazini, nyuma tu ya ukuta wa mabanzi, palikuwa na zizi la nguruwe la Mama Kamau.

Mama Kamau alikuwa Mkatoliki, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Yeye na sisi tulikuwa na mpango wetu. Ng'ombe hajui Sabato, asipokamwa anaumia, na sisi hatukamui siku hiyo. Hivyo kila Jumamosi Mama Kamau alikuja na ndoo zake akakamua ng'ombe wetu wote, na maziwa yakawa yake. Maziwa yalikuwa mengi kuliko nyumba yake. Yaliyobaki aliwapa nguruwe. Nguruwe wale walinona, walikuwa na mashavu kama mapadri, na Mama Kamau alipenda kutuambia kupitia kwenye nyufa za mabanzi, katikati ya sala, "Ombeni, ombeni! Wangu huku wanasherehekea Sabato kuwashinda!"

Ndani kulikuwa na harufu tatu: mafuta ya taa, zabibu kavu zilizochemshwa kwenye sufuria, ambazo ndizo zilikuwa divai yetu, na nguruwe. Mimi nilidhani zote tatu ziko kwenye kitabu.

Na nilidhani pia Yerusalemu iko nyuma ya ule ukuta wa mawe. Sio mbali. Pale mlimani, penye ukungu. Guka alipoinama kuelekea mawe, mimi nilimwona kama mtu anayemsalimia jirani. Nilijua huko juu kuna tembo, na sikuona ubaya wowote Yerusalemu kuwa na tembo.

Kisha akaja mgeni. Kijana wa Amerika, mwenye mkoba mkubwa, na kwenye mkoba kumening'inia dira. Alikuwa na adabu, alikula kila alichopewa, alijua Kiswahili cha kuokoteza. Jumapili baada ya Sabato yake ya kwanza na sisi, alisimama katikati ya sinagogi, akaiweka dira kiganjani, akageuka polepole kama mtu anayetafuta mahali pa kuchimba kisima. Akaonyesha mabanzi.

"Wazee, samahani," akasema. "Yerusalemu ni huku."

Wote tuliangalia alikoonyesha. Nguruwe mmoja akaguna.

"Huko ni kwa Mama Kamau," Guka akasema.

"Mbele ya Mama Kamau, mzee. Mbele sana. Kutoka Kenya, Yerusalemu ni kaskazini."

"Kitabu kinasema mashariki."

"Kitabu kiliandikwa na watu wanaokaa mbali, mzee. Kwao iko mashariki."

"Kwa hiyo kitabu kinadanganya?"

"Hapana, hapana, mzee."

"Basi ni hiyo saa yako inayodanganya," Guka akasema, akavaa koti akatoka.

Ingekuwa Guka peke yake, ingeisha. Lakini Baba Eliya, aliyemwoa dada yake Guka, alisema dira haina kabila na kama Yerusalemu ni kaskazini basi tumekuwa tukimpa Mungu mgongo. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Sabato iliyofuata nusu ya wanaume walisimama wakielekea mawe na nusu wakielekea nguruwe, ndani ya chumba kimoja kidogo. Walikanyagana. Walipoinama, viwiko viliingia kwenye mbavu za wengine.

"Shemeji, nisalimie hao nguruwe," Guka alinong'ona, kunong'ona kwa kusikika.

"Na wewe nisalimie tembo," Baba Eliya akajibu.

Wanawake huku nyuma tulikuwa tunaziba midomo kwa kanga. Lakini Cucu hakucheka, na punde nikajua kwa nini. Ziko sala ambazo haziombwi bila wanaume kumi, na sisi wanaume walikuwa kumi kamili, ukihesabu mzee mmoja aliyeletwa kwa mkokoteni, pamoja na Eliya, mwana wa Baba Eliya, aliyekuwa ameanza kubalehe juzi. Baba Eliya alitangaza kwamba ukuta usipobadilishwa yeye na mwanawe watakaa nyumbani. Guka alitangaza kwamba ukiguswa, yeye ndiye atakaa nyumbani. Akiondoka yeyote, sinagogi limekufa, na kanisani walikuwa wakitungoja kwa tabasamu. Cucu alijua jambo hilo. Mgeni naye, nadhani, alijua, maana alianza kuwa mwekundu kila alipoulizwa habari ya ile saa yake. Wiki hiyo alipanda lori la viazi akaenda zake, na picha zake, na nusu yake ya hadithi.

Mimi nilielewa kivyangu. Mwaka ule watu walikuwa wakifurushwa makwao, upande wa Bonde la Ufa, kwa sababu ya mambo ya kura. Malori yalipita kwetu kwenye barabara ya juu, ya kaskazini, yamejaa magodoro, kuku, na watoto wa rika langu waliofunikwa blanketi. Lori moja lilikuwa na mwanamume aliyeshika mlango. Mlango mzima, na bawaba zake, bila nyumba. Kwa hiyo niliposikia wakubwa wakisema Yerusalemu haiko tena mlimani, iko kaskazini, mimi sikuwa na swali. Nilijua kilichotokea. Watu wa Yerusalemu wamefurushwa.

Niliumia sana. Guka alikuwa akiwasalimia siku zote, na sasa wanatangatanga. Nikaanza kuwawekea viazi. Kila nilipotumwa stoo niliiba kimoja viwili nikaficha kwenye gunia kando ya barabara ya juu, na nikawa nakaa hapo nikitazama malori, nikitafuta watu wa kofia.

Cucu alinikuta. Alikuwa na panga mkononi, anatoka kukata majani ya ng'ombe.

"Unafanya nini hapa, mami?"

"Nangoja."

"Unangoja nani na viazi vyangu?"

"Watu wa Yerusalemu. Si wamehamishwa? Si walifukuzwa mlimani wakaletwa huku?"

Alinitazama. Nilidhani atanichapa kwa viazi, kwa hiyo nikaongea haraka haraka. Nikamwambia wakija watataka kuona ukuta wao, na ukuta uko upande ule mwingine, watapotea. Nikamwambia, yule mtu wa lori alibeba mlango wake. Kama mlango unahama, kwa nini ukuta wao usihame?

Cucu alikaa chini kwenye gunia. Akajikuna ile alama ya kamba.

"Wewe ni mtoto mjinga," akasema hatimaye. "Mjinga kabisa. Simama. Kimbia uniitie Mama Eliya."

Mama Eliya ndiye dada yake Guka, mke wa yule yule Baba Eliya, na alikuwa amechoka na wanaume wote wawili. Walizungumza chini kwa chini jikoni. Nilisikia Cucu akisema, "Wanapigania mawe ni kama waliyazaa. Nani aliyabeba?" Nilisikia Mama Eliya akicheka kwa puani.

Wakangoja siku ya mkutano wa ushirika wa maziwa. Siku hiyo kila mwanaume alikwenda mjini, maana kulikuwa na soda na mkate. Hawajafika hata kwenye lami, wanawake walikuwa sinagogini na majembe. Udongo wa Cucu uliachia vizuri, kana kwamba nao ulikuwa umechoka kusimama. Jiwe moja moja, kutoka mashariki hadi kaskazini, na mabanzi ya kaskazini yakaja mashariki. Paa halikutikisika, lilikuwa limekaa kwenye nguzo zake. Katikati ya kazi ukuta wa mabanzi ulipoondolewa, tukaonana uso kwa uso na nguruwe, wakubwa, weupe, wametulia kama wazee wa kanisa. Mama Kamau akaja mbio.

"Mnaniibia nini ninyi watu wa kofia?"

"Tunakujengea ukuta," Cucu akamwambia. "Na wewe rudisha hilo zizi nyuma kidogo. Maziwa yetu umekunywa ya kutosha."

Mama Kamau aliangalia mawe, akaangalia wanawake waliolowa jasho kwenye baridi ile, akafunga leso kiunoni. "Mngesema tangu zamani," akasema. "Nilidhani mnapenda harufu." Akabeba mawe mawili mawili. Ule ukuta wa Wayahudi, kipande chake kizuri kilipangwa na Mkatoliki, na haujawahi kuinama.

Sisi watoto tulibeba vidogo vya kuzibia nyufa. Jiwe langu liko chini, mkono wa kushoto, la rangi ya ini. Nililibusu kabla ya kuliweka, kwa sababu nilidhani watu wa Yerusalemu watalitambua.

Wanaume waliporudi jioni, Baba Eliya alifungua mdomo aseme tumeshinda. Mkewe akamwangalia, naye akaufunga, akavua koti akachukua mwiko kusaidia kupaka udongo. Guka aligeuza mtungi wa maziwa, akaukalia nje, ametazama milima. Alikaa hivyo siku zote zilizobaki hadi Sabato.

Sabato ilipofika walikuwa wanaume tisa. Sufuria ya zabibu ilibaki imefunikwa. Mzee wa mkokoteni alisinzia, akaamka, akauliza kama tumemaliza. Kupitia mlangoni niliweza kumwona Guka kule nyumbani, juu ya mtungi wake. Cucu alikuwa amesimama kwa wanawake, mikono kifuani, na kwa mara ya kwanza niliona anaogopa. Hapo ndipo Mama Kamau alipopita na ndoo zake, akitoka kukamua, akasimama mbele ya Guka. Sauti yake ilitufikia sote.

"Mzee! Leo hamwombi? Nguruwe wangu wananiuliza kuna nini, mbona kimya!"

Guka aliinuka. Akaja polepole, akapita katikati ya wanaume, hakumsalimia mtu. Alifika kwenye mawe akaweka kiganja juu ya moja, akahamia jingine, kama mtu anayehesabu ng'ombe wake sokoni kuhakikisha hawajabadilishwa. Kisha akageuka, si kwa Baba Eliya, bali kwa wanawake.

"Tusielewane vibaya," akasema. "Mimi sifuati saa ya Mzungu. Nafuata mawe ya mke wangu."

Akaelekea kaskazini, akaanza.

Hiyo ndiyo hadithi. Hawakuonyeshwa na mtu wakatii. Walionyeshwa, wakagombana hadi karibu wafe, kisha wanawake wakabomoa kitu walichokibeba kwa vichwa vyao wenyewe wakakijenga upya, ili watu kumi waendelee kuwa kumi. Sinagogi liko hadi leo. Cucu hayuko, na Guka alimfuata. Ukuta upo.

Wiki nzima tulitengeneza. Tirza alitafuta sanduku la viatu, tukaenda kando ya ziwa tukaokota changarawe, na badala ya mabanzi tukatumia vijiti vya aiskrimu. Nilipochukua gundi akanizuia mkono. Kwa Kiingereza chake akasema nisigundishe ukuta wa mawe, kwa sababu lazima uhame. Nguruwe aliwatengeneza kwa udongo wa kuchezea, wa rangi ya waridi, wanene kweli kweli.

Jumapili tulifika mapema. Nilikuwa na hasira bado, nisidanganye, na hasira ikanipa wazo. Nilisimama katikati ya ukumbi wa sala, ukumbi wenye zulia na vioo vya rangi, nikafungua dira ya kwenye simu na kutafuta Yerusalemu iko wapi ukiwa Minneapolis. Mstari haukwenda kwenye kabati la Torati, ambako wote hapa huelekea wakisimama kuomba. Ulikwenda kando, ukapita mlango wa jikoni, penye birika kubwa la kahawa. Mwalimu akanikuta hapo. Nikamwonyesha simu, nikamuuliza kwa upole, upole wangu wote niliokuwa nao.

"Aa," akasema, akacheka. "Kiwanja ndivyo kilivyokaa. Barabara ilipita hivi, ikabidi jengo likae hivi. Tunasema tu ni mashariki."

"Sisi tulikuwa na nguruwe," nikamwambia.

Hakuelewa, si wakati huo. Tirza alikuwa kando yangu, amekumbatia sanduku lake, na sikujua kama anasikiliza.

Darasani alisimama mbele ya wenzake na wazazi waliokuwepo. Alieleza kitabu, milima, nguruwe, dira. Watoto walicheka kwa nguruwe, na yeye akawaacha wacheke. Kisha akaanza kuhamisha changarawe, moja moja, mbele ya macho yao, bila haraka, na waliokaa nyuma wakasimama ili waone. Alipoweka ya mwisho, ndogo, ya rangi ya ini, chini mkono wa kushoto, akasema, "Hii ni ya mama yangu." Mwalimu alikuwa ameweka mkono mdomoni. Akasema ni hadithi nzuri sana, na kwamba anaomba radhi, yeye hakuwa ameusikia mwisho wake.

"Si kitu," Tirza akamwambia, kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Na kwa mara ya kwanza mbele ya watu wale, hakutumia Kiingereza kitupu. Alitaja "Cucu" kwa Kikwetu, akanyoosha kidole kuelekea ukumbi wa sala. "Cucu wa mama yangu aliuhamisha ukuta wake," akasema. "Nyinyi wenu mtauhamisha lini?"

Hilo sikumfundisha mimi. Hilo amelitoa mwenyewe.